Baba na Mpelelezi wa Kuigwa

Leo unatimia mwaka, Baba, tangu ulipotuaga ghafla asubuhi ile ya Jumanne, chai yako ikiwa bado ya moto mezani.

Wateja walikuita Fundi Kisigino. Soli uliyoishona wewe ilikuwa imeshonwa. Na kila aliyekaa kwenye benchi lako kungoja kiatu alisimuliwa habari za mpelelezi yule wa zamani, ambaye vitabu vyake vyote ulivisoma hadi kurasa zikalegea.

Kisha macho yakakuishia nuru. Ulifunga kibanda, ukageukia ukuta, ukawa hutaki kuongea na mtu. Miezi minne. Tuliogopa, Baba, ingawa hatukukwambia.

Kitinda mimba wako ndiye aliyekuletea vitabu vya kusikiliza kwenye simu: visa vipya vya mpelelezi wako, vilivyotungwa na waandishi wengine kwa kumwiga yule wa kwanza. Ulisikiliza dakika kumi, ukaja juu.

"Huyu si yeye! Yeye hawezi kumfokea mtumishi. Wamemtia maneno mdomoni."

"Basi nizime, Baba?"

"Nani kasema uzime?"

Tulicheka. Mama akaenda jikoni, akalia.

Tangu siku hiyo sauti yako ikarudi nyumbani. Ulimsahihisha msomaji, ukawatetea washukiwa, ukamnunia Mama kila alipomjua muuaji kabla yako. Mwezi wa pili wa kusikiliza ukaomba sindano na nyundo. Ulishona kwa kupapasa, mpelelezi akiongea kando yako, na majirani wakaanza tena kukuletea viatu.

Ulituacha kisa cha mwisho kikiwa kimebakiza sura mbili. Mama hakutaka kiguswe. Jumapili iliyopita aliketi kwenye kiti chako, akasema, "Haya, wekeni."

Tulisikiliza mpaka mwisho. Yule uliyemshuku hakuwa na hatia, Baba.

"Angebisha wiki nzima," Mama alisema, akifuta machozi huku anacheka. Halafu akauliza kama kipo kingine.

Unakumbukwa na mkeo, wanao watatu, dada yako Shangazi Mshonaji, mkweo dereva, wajukuu zako mapacha, na wateja wako wote, wanaopita kibandani na bado wanapunguza mwendo.

Hatutakusahau, Baba, maadamu tuko hai.