Nafasi ya Hannah Chuoni

Ganze,
Jumamosi, 7 Juni

Kwa kaka yangu Garama,

Shikamoo kaka. Natumai wewe, wifi na watoto hamjambo hapo Kaloleni, na goti lako limepunguza kukusumbua. Mimi mwili ni mzima. Mahindi yamekauka kabla ya kubeba. Tangu tumzike mwanangu Hannah, bado najikuta nimesonga sima ya watu wawili.

Wakumbuka ile nafasi ya kusomea umeme aliyofadhiliwa na kaunti? Alifurahi hata akavaa ovaroli mpya kwenye foleni ya maji, wenzake wakimwita Fundi Stima. Masomo yalianza wiki moja baada ya mazishi. Ijumaa ya kwanza karani wa chuo, kijana aitwaye Baya, alinipigia simu kuuliza mbona Hannah hajaripoti. Ijumaa iliyofuata akapiga tena, akatania kwamba kama anaogopa kupigwa na stima, wenzake wameshapigwa na wangali hai.

Ijumaa ya nne alisema orodha inafungwa baada ya wiki moja. Akaniambia pia kwamba binti aitwaye Jedida, anayefuata kwenye orodha, hufika kila asubuhi kwa miguu akakaa nje ya ofisi. Baya alimwambia arudi kwao, nafasi ina mwenyewe.

Kaka, hili sijamwambia mtu. Sikumwambia Baya kwamba Hannah amefariki. Nilisema ana homa, kisha nikasema anapata nafuu. Hapa kijijini watu hawalitaji tena jina lake, waogopa kuniumiza. Baya peke yake ndiye aliyekuwa akiniuliza, Hannah anaendeleaje? Nami nilitaka aulize tena Ijumaa ijayo. Kwa ajili hiyo binti wa watu alikaa juani mwezi mzima.

Jana nilikwenda na barua ya chifu. Baya aliisoma tarehe ya kifo mara mbili, akaniangalia. Hakunigombeza. Alisema tu, pole mama, kisha akaniomba nimwite Jedida. Nilipomwambia aingie, aliinuka upesi hata akaacha kandambili moja, nikamfuata nayo mlangoni. Alinishukuru bila kujua mimi ni nani.

Wifi umwambie namkumbuka, na watoto uwapakate kwa niaba yangu. Na wewe kaka, ukinipigia, usinizungushe na habari za mvua. Niulize habari za Hannah. Nitakujibu kweli.

Ni mimi dadako,
Kahaso