Mawe Mawili Chini ya Ekseli

Jumatano, 10 Novemba 1999

Mvua tena. Madaftari ya darasa la saba yamelowa begini. Nimesahihisha ishirini tu nikachoka.

Baba Mwende amerudi kutoka Katangi amenuna. Anasema lori lilikataa kusimama kwenye mteremko wa Kola, akalizuia kwa gia. Breki za nyuma zimekwisha. Amenunua mpya mjini, atazifunga mwenyewe hapa uani kama kawaida yake. Miaka kumi na moja anaendesha lori hilo na hajawahi kumpa fundi mwingine.

Nimepika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharage. Amekula kidogo.

Alhamisi, 11 Novemba

Nimemwambia mwalimu mkuu kwamba Jumatatu lori letu litaleta madawati mapya. Sikumuuliza mwenye lori. Nilitaka kuonekana mtu wa maana. Ndiyo hivyo.

Baba Mwende hakufurahi. Mataruma yake yako kwa ndugu yake Mutua, kule Kinanie. Ni vipande vya mbao nzito za reli, na ndivyo hupanga chini ya ekseli kila akiinua lori. Mutua atavileta Jumapili. Baba Mwende anataka kungoja. Nikamwambia Jumapili ni ya kanisa, na Jumatatu asubuhi watoto wanangoja madawati.



Ijumaa, 12 Novemba

Hatuongei. Ua wote ni matope.

Jumamosi, 13 Novemba

Naandikia kwenye benchi la hospitali. Nitaandika kila kitu jinsi kilivyofuatana, nisije baadaye nikajidanganya.

Asubuhi aliegesha lori mahali palipokauka kidogo. Akazizuia tairi za mbele kwa kabari, mbele na nyuma, kwa sababu hendibreki hushika tairi za nyuma tu, na ukiziinua hizo haina kazi tena. Akaweka ubao mpana chini ya jeki isizame. Akainua upande wa kulia, akatoa magurudumu yote mawili. Anajua kazi hii. Kisha akasimama akitafuta kitu cha kuweka chini ya ekseli, maana lori haliachwi juu ya jeki peke yake.

Mawe ya kujengea yalikuwa pale ukutani, yamebaki tulipojenga jiko. Mimi ndiye niliyeyaonyesha. Nikasema, "Si haya yanabeba nyumba nzima?"

"Nyumba haitingishiki, Mwalimu." Huniita Mwalimu nikimchosha.

Nikaenda nikabeba la kwanza mwenyewe, nikaliweka miguuni pake. Yeye akachukua la pili. Akayapanga, akalishusha lori juu yake polepole. Kisha akaipeleka jeki upande wa kushoto, akapiga mara chache, akarudi kulia akaingia chini.

Nilikwenda kumletea chai.

Hakukuwa na kishindo. Nilisikia mlio mdogo, kama mtu anayevunja muwa. Nilipotoka na kikombe, lori lilikuwa limelala upande mmoja. Miguu yake ilikuwa nje. Viatu havikusonga.

"Mwaitu," alisema huko chini, kwa sauti ndogo. Alikuwa anamwita mama yake. Mama yake alishakufa.

Sikupiga kelele. Sikukimbia. Nilisimama na kikombe mkononi nikitazama viatu. Sijui ni muda gani. Hilo ndilo siwezi kulielewa. Mume wangu yuko chini ya lori na mimi nimesimama.

Aliyenishika bega ni Mama Wambui, jirani yetu anayeuza nafaka. Alipita pengo la ua alipoona lori limelala. Tuliinama tukaona. Jiwe moja limepasuka vipande viwili. Dramu ya breki imezama kwenye matope, na springi imemkandamiza bega na kifua. Jeki imelaliwa upande wa pili, haitoki.

Nilishika miguu nivute. Mama Wambui akaniondoa mikono.

"Usimvute. Utamrarua."

Tukabiringiza gurudumu moja kati ya yale yaliyotolewa, tukalilaza, tukalisukuma chini ya chesisi mpaka likabana, lori lisije likashuka zaidi. Kisha akakimbia akarudi na jembe.

"Lori hatuliwezi," alisema. "Tutashusha ardhi."

Tulichimba chini ya mgongo wake. Yeye kwa jembe, mimi kwa mwiko wa ugali, baadaye kwa kucha. Nilikuwa nimekaribia dramu nikamsikia Mama Wambui akisema, bila kupandisha sauti, "Si hapo, Mwalimu. Ukichimba hapo linamlalia." Matope yalikuwa laini. Kungekuwa kiangazi tungegonga jembe kama kwenye mwamba mpaka afe.

Pumzi yake ilikuwa fupi, fupi. Kisha ikawa ndefu. Bega likashuka. Tulimtoa kwa kumshika mkanda wa suruali, taratibu, tukirefusha shimo kadiri alivyosogea.

Mtulinga, mfupa wa begani, umevunjika. Mbavu tatu. Daktari anasema mapafu ni mazima, na kwamba ana bahati.

Jumapili, 14 Novemba

Watu wa kanisa wamejaa wodini. Kila anayeuliza, Baba Mwende anamjibu hivyo hivyo: "Nilifanya haraka. Ni mimi."

Mimi niko kando ya kitanda, nimeshika chupa ya uji. Sikusema neno. Najichukia.

Jumatatu, 15 Novemba

Mwalimu mkuu aliazima trekta ya jirani wa shule. Madawati yalifika saa nne. Ilikuwa rahisi hivyo. Mtu mmoja kuulizwa, basi.

Nilijifungia kwenye choo cha walimu mpaka kengele ikalia.

Jioni Mutua, aliyeshinda hospitalini jana, alifika na mataruma. Aliokota kipande cha jiwe akakigeuza mkononi. Akanieleza kwamba ukuta hulikalia jiwe lote, tena umetulia. Ekseli hukaa mahali padogo tu, na jeki ya upande wa pili ikisukuma kidogo, jiwe halipindi, linapasuka. Mbao hulia kwanza, ukapata nafasi ya kutoka. Jiwe haliongei.

Kisha akauliza ni nani aliyeleta mawe pale.

Nikasema ni mimi.

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka. Aliweka kile kipande chini, akaenda kunawa mikono. Alipokuwa anaondoka aliniaga vizuri. Hilo liliniuma zaidi.

Jumanne, 16 Novemba

Nimefundisha hesabu za sehemu kwa darasa la sita. Nilisahau ninafundisha nini katikati ya ubao. Watoto walinyamaza wote. Hawajawahi kunyamaza hivyo.

Alhamisi, 18 Novemba

Nimemwambia Baba Mwende. Wodi ilikuwa na nafasi, mgonjwa wa kitanda cha pili amelala. Nilisema usiendelee kuwaambia watu ni wewe. Nilikuharakisha kwa sababu ya sifa zangu shuleni, na jiwe nililibeba kwa mikono hii.

Aligeuza uso ukutani. Nilidhani amekataa kunisamehe.

Akasema, "Nilijua jiwe si kitu cha kuweka hapo. Nilijua kabla hujalileta."

"Kwa nini uliingia?"

"Nilikuwa na hasira na wewe. Nilitaka nimalize, nikupe hilo lori lako Jumatatu, ukose la kusema."

Nimetoka nje nikashika nguzo ya veranda. Siku zote hizi nimekuwa nikifikiri hakujua. Alijua. Aliingia chini ya lori la tani saba ili kunikomesha mimi. Na mimi niko jikoni namimina chai. Miaka kumi na minne tumeoana na nusura tuuane kwa kununiana.

Nilirudi ndani. Nilimnywesha uji.

Jumamosi, 27 Novemba

Yuko nyumbani. Hawezi kuvaa shati bila mimi. Anacheka, kisha anashika mbavu na kuacha.

Jana nilimwambia jambo linalonisumbua, kwamba nilisimama tu na kikombe. Akasema hakujua, huko chini dakika zote zilikuwa sawa. Sijui kama ni kweli au ananionea huruma.

Jumamosi, 11 Desemba

Leo Mutua amefunga zile breki. Baba Mwende ameketi kwenye kiti, mkono umefungwa kifuani, akitoa maagizo ambayo Mutua hahitaji. Kabari kwenye tairi za mbele. Mataruma yamepangwa kwa kukingamana pande zote mbili, mapana chini, lori likashushwa juu yake.

Nilikuwa nikienda ndani. Akaniita.

"Mama Mwende. Njoo ulisukume."

Sikutaka. Nilikwenda. Mutua alikuwa amesimama nje, mbali kidogo, anangoja. Niliweka mikono miwili kwenye ubavu wa lori nikasukuma kwa nguvu zangu zote, kisha kwa bega. Halikutingishika hata kidogo. Nikasukuma tena. Ndipo Mutua alipoingia chini.

Kazi ilichukua asubuhi nzima. Nilivuta kigoda nikakaa karibu na mume wangu. Alipochoka aliniegemea. Nilikaa hivyo hivyo bila kusogea, nikisikiliza spana.