Mfuniko wa Oili

Jumanne.

Nimemkosea Yusufu, fundi wangu wa magari wa mtaa wa Biryogo. Asubuhi, kwa baridi hii, nilikuta tena oili chini ya gari langu kuukuu. Nikalipeleka kwake, nikamfokea mbele ya mteja:

"Gasketi ya kuzuia oili uliyoweka juzi imeshakakamaa kwa baridi? Au uliniwekea karatasi?"

Mteja akageuza gari, akaondoka.

Yusufu akapangusa injini, akainyunyizia poda ya mtoto ili panapovuja paonekane, akaiwasha. Tukangoja. Oili ikachora mstari kutoka juu kabisa.

"Mwalimu, hii mfuniko haijakazwa. Nani aliongeza oili?"

Mimi, jana, bila miwani.

"Basi gari iko nzima, mgonjwa ni dereva," akacheka.

Nimemwomba radhi, amepokea. Lakini yule mteja aliondoka na maneno yangu ya kwanza tu.