Nangojea Jina la Tovuti ya Kikundi Liachwe Nilichukue

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako nikiwa bado nina nguvu za kushika kalamu, maana moyo wangu umechoka na daktari hakunificha, nami nina jambo ambalo sijamwambia hata kasisi wetu.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa miaka sabini na minane, naishi Katangi. Mwaka 2002 akina mama wa mwethya wetu, kikundi cha kusaidiana kazi ambacho pia husuka vikapu vya vyondo, waliniomba niwe katibu, na ni mimi niliyesafiri hadi Machakos mjini, nikaingia saiba, duka la intaneti, nikawaandikishia jina la tovuti kwa miaka mitano, mwenye jina kikaandikwa kikundi lakini barua pepe ikawa yangu kwa sababu wao hawakuwa nayo. Niliporudi, Nzilani, mwenyekiti wao, ambaye nilimfundisha darasa la nne, aliniuliza, "Mwalimu, hilo jina tutalilipia tena?" Kabla sijajibu, mama mmoja akadakia, "Kwani jina la mtoto hulipiwa mara ngapi? Ukishaitwa Mutindi, ni Mutindi mpaka kaburini." Wakacheka, nami nikacheka nao, sikuwasahihisha, nikajiambia nitawaeleza wakati ukifika.

Wakati umefika na sijawaeleza. Mwaka juzi walimchagua Linet, msichana aliyemaliza kidato cha nne, awe katibu mahali pangu, wakanishukuru kwa keki na blanketi, na blanketi lile, mshauri, sijawahi kujifunika. Tangu Machi naletewa maonyo kwamba jina litaisha muda tarehe kumi na nne Juni mwaka huu wa 2007, nami kila onyo nalisoma na kulinyamazia, tena nimejiandikisha kwa kampuni inayonyakua majina yaliyoachwa, ili hilo likikosa kulipiwa liwe langu, na akina mama waje kuniambia, "Mwalimu, tusaidie." Nilitaka kusikia maneno hayo mara moja tu.

Wiki jana Nzilani aliniletea uji wa wimbi. "Kunywa," akasema. "Ulikuwa unatuchapa tukimwaga uji wa shule, leo kiboko ninacho mimi." Kisha akaniambia kwamba wanunuzi kutoka Denmaki waliowapata kwa lile jina wameagiza vyondo mia tatu, wataagiza vingine Agosti kupitia tovuti hiyohiyo, na akina mama wameshaanza kusuka. "Ni wewe ulitufungulia mlango, Mwalimu."

Sasa nauliza, nilipie jina kimyakimya nife na heshima yangu, au niwaambie? Naona aibu kuzikwa na watu wanaojua.

Mwalimu mstaafu, Katangi

MSHAURI ANAJIBU

Pole kwa ugonjwa, Mwalimu. Uliumia ulipoondolewa, na blanketi si malipo ya mtu aliyezoea kuhitajiwa. Hilo naliona. Lakini huyo msichana hakukunyang'anya kitu. Walimpa kazi, wewe ukabaki na ufunguo mfukoni, kisha ukakaa ukingojea nyumba ya wenzako ibaki wazi. Umefundisha watoto miaka yote hiyo. Unajua tendo hilo linaitwaje.

Kulipa kimyakimya hakutoshi. Utalipa mwaka huu, utakufa, na onyo lijalo litaingia kwenye barua pepe ya marehemu. Nani atalisoma?

Basi fanya hivi. Leo hii iandikie ile kampuni ufute ombi lako. Mwite Nzilani pamoja na Linet, uwaambie kwa kinywa chako, bila kumtuma mtu wala kuzunguka, kwamba jina la tovuti si kama jina la mtoto, na kwamba ulijua ukanyamaza. Mpe Linet neno la siri. Aende saiba aweke anwani ya kikundi mahali pa yako, na kikundi kilipie. Katika mwethya asiyefika kazini hutozwa faini, kisha hurudi kulima na wenzake. Ukitozwa, toa, usibishane.

Kuhusu aibu: umeandika Katangi, umeandika vyondo, ukataja majina ya watu na tarehe, katika barua ya kwenda gazetini. Mtu anayetaka kuficha haandiki hivyo. Nimekutumia jibu hili kwa posta kwanza, na nimelizuia lisichapwe hadi Jumamosi, tarehe tisa Juni, ili wasikie kwako kabla ya kusikia kwangu. Zitumie siku hizo.

Na wewe, Nzilani, ikiwa unasoma haya na Mwalimu hajakuita, zimebaki siku tano jina liishe muda. Mchukue Linet mwende kwake asubuhi hii. Mkifika msimfokee. Ni yeye aliyewaita, kwa barua hii.