Kichupa Nilichokizika Nyuma ya Nyumba

Mama,

Leo nimepalilia kaburi lako, kisha nikakaa chini nikalia. Ni miezi minane sasa, na bado kila asubuhi natoa vikombe viwili vya chai. Kuna jambo sikukuambia ukiwa hai. Kukasirika ni haki yako.

Unakumbuka daktari wetu hapa Baraka alipokukata kipande kidogo kwenye titi, akakitia ndani ya kichupa chenye dawa, akanipa nikipeleke Bukavu kikapimwe? Sikukipeleka. Ilikuwa nyama yako, Mama. Wewe mwenyewe ulizika kitovu changu nyuma ya nyumba, ukanifundisha kwamba cha mwili wa mtu hakitupwi, kinarudi udongoni kwao. Niliona aibu kukiacha mikononi mwa wageni. Nikakizika palepale penye mgomba, nikasali. Wewe nikakuambia majibu yanachelewa. Ukangoja. Uvimbe haukungoja.

Hatimaye tukavuka ziwa, tukasafiri hadi ile hospitali inayotibu kansa tu. Muuguzi alitusimulia ilivyoanza na wodi moja na mashine moja ya mionzi, watu wakiiita nyumba ya kufia. Siku ile Warundi, Watanzania na sisi Wakongo tulibanana benchi moja, na wengine walikuwa wanaagana, wanarudi kwao wazima. Daktari akaomba majibu ya kile kipande. Nikasema kilipotea njiani. Nawe ukanitetea: "Docteur, usimugombeze, mutoto wangu aliteseka sana na hii njia." Afadhali ungenipiga kofi.

Wakakata kingine, wakapima. Daktari akasema, kwa upole, kwamba ungefika mapema mionzi ingesaidia. Ukanishika mkono: "Basi turudie kwetu. Mi nataka kufia karibu na batoto." Tukarudi.

Jumatatu jirani yetu, Mama Riziki, naye alikatwa kipande. Wanawe wako Misisi wanachimba dhahabu, na mama mkwe wake alikuwa ameshaomba jembe akizike. Nilikwenda, nikamweleza Mama Riziki yote, hata habari yako. Akanipa kichupa. Kesho napanda boti ya Uvira, niendelee hadi Bukavu, nacho mapajani.

Lala, Mama. Nimekuzika mara mbili, na ile ya kwanza ndiyo iliyokuua. Kichupa hiki kitafika.

Mwanao,
Aline