Ujumbe wa Pili wa Saa Nne

Kaka Elia,

Shikamoo. Nasema hivyo kwa mazoea, halafu nasubiri marahaba yako, kisha ndiyo nakumbuka.

Nina hofu, kaka. Tangu tukuzike migombani kwenu Akheri, hapa ofisini Themi nimeachiwa programu yako ya kuwakumbusha wagonjwa dawa. Unajua utaratibu wetu. Tukibadilisha kitu, hata herufi moja, seva inaijenga programu upya, inaiweka ndani ya makontena yake, yale masanduku ya programu ambayo kila moja ni kama kompyuta ndogo yenye saa yake, na kuipitisha kwenye majaribio uliyoyaandika. Kijani, tunaendelea. Nyekundu, tunasimama. Wiki hii yote ilikuwa nyekundu.

Lililoanguka ni jaribio moja, lile uliloliita "Mama wa Akheri". Kidonge kimoja cha presha, saa moja usiku, ujumbe mmoja, kama anavyotumiwa mama yako kweli. Tulikuwa tunakutania kwamba umemwajiri mama yako mzazi bila mshahara. Sasa seva ikawa inaniambia mama ametumiwa ujumbe mara mbili. Kwenye kompyuta yangu jaribio linapita, kwenye makontena linaanguka. Nikafuta, nikajenga upya, nikasoma kumbukumbu za seva mstari kwa mstari, wapi. Meneja akasema, "Kama kwako linapita, lizime tuendelee, watu wanasubiri." Nikamjibu kwa maneno yako, kwamba mbwa akibweka humpigi, unatoka nje kuangalia. Nadhani nilisema kwa sauti ndogo mno. Alilizima mwenyewe, na jana mchana toleo jipya likaenda kwa wagonjwa wote.

Leo asubuhi ndipo nilipouona ugonjwa wenyewe. Kontena moja kati ya yale uliyoyatengeneza lilikuwa limezeeka, tukachukua jipya mtandaoni, nalo linakwenda kwa saa ya Greenwich. Liko nyuma yetu kwa saa tatu. Makontena yako mengine yanatuma ujumbe saa moja usiku, hili jipya linaona bado ni saa kumi jioni. Ikifika saa nne, lenyewe ndiyo kwanza linahesabu saa moja, linatuma tena. Kompyuta yangu yote inafuata saa ya Arusha, ndiyo maana haikuniambia kitu.

Vidonge viwili vya presha usiku mmoja vinaweza kumwangusha mtu, kaka. Mama ulimfundisha kwa maneno matatu tu: "Simu ikilia, meza." Tangu ufe ameyashika kama wosia.

Nikarudisha toleo la zamani, nikampigia. Simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena, na tena. Kichwani nikawa nimeshamzika, Mungu anisamehe, nimeshaanza hata kutafuta namna ya kukueleza. Tengeru nikachukua bodaboda, njia nzima naomba, na utelezi ule wa kwenu nao haumwonei mtu huruma. Nikakuta mlango umefungwa. Nikabisha hodi, kimya. Nikazunguka nyumba mbio, nikalipita kaburi lako bila hata kusimama.

Alikuwa nyuma ya zizi anakata majani ya ng'ombe. Simu kaiacha ndani.

Hata shikamoo sikumpa. Nilikaa chini palepale kwenye majani, nikamuuliza jana simu ililia mara ngapi. Akasema mara mbili.

"Ya kwanza nikameza. Ya pili nikajua ni mwanangu ananisalimia tu. Nikaitikia, nikalala."

Nililia mbele yake, naye akadhani nakulilia wewe. Labda ni kweli. Akanimiminia loshoro, mahindi yake ya maziwa mgando, akanilazimisha nimalize.

Wenzangu walishinda wakiwapigia wagonjwa wengine. Waliomeza mara mbili wamepelekwa zahanati, wamepimwa, wako salama. Meneja hajanitazama usoni tangu nirudi. Makontena yote sasa yanafuata saa ileile, ya kwetu, na Mama wa Akheri ni kijani. Nimeshawaambia wote kwamba anayetaka kulizima jaribio hilo aje kwanza kwangu, na safari hii nilisema kwa sauti.

Ila hofu haijatoka, imehama tu. Wakati naondoka, mama alinisindikiza hadi barabarani, akasema leo atachelewa kulala kidogo. Anasubiri salamu yake. Na mimi nimekwisha kuirekebisha, kaka. Saa nne simu haitalia. Nimefanya kazi vizuri, na nimemnyang'anya.

Kwa hiyo nakuahidi hivi. Saa nne nitampigia mimi, leo na kesho, na siku nyingine zote atakazokuwa macho. Naogopa, sijui nitamwambia nini. Wewe pumzika, kaka, mbwa wako nitamsikiliza. Nitaanza na ile shikamoo niliyoisahau, na yeye ataitikia.

Mdogo wako wa kazini,
Upendo