Mpaka Mzungu Aseme

Jumatatu, 3 Juni

Tumeletewa mgeni. Kijana wa kizungu, mwembamba, masikio mekundu kwa jua, koti jeupe jipya lenye mikunjo ya dukani. Matroni akatutambulisha: mwanafunzi wa udaktari, mwaka wa tatu, kaja kujifunza kwa kuangalia. Kuangalia tu! Haruhusiwi hata kushika sindano. Mwenyewe alilirudia hilo mara mbili, mkono kifuani, adabu tele. Kiswahili chake hakizidi maneno matano. Asichoweza kukijibu anakinyanyulia kidole gumba. Haikufika saa nne, wodi nzima inamwita Gumba.

Saa tano foleni ya kliniki ya wajawazito ikahama. Sitanii! Mlangoni kwangu walikuwepo wanawake kumi na wanane. Gumba kajikalia zake kwenye kiti mlango wa pili, anachezea simu. Basi wakaanza kuinuka mmoja mmoja na kadi zao, wakajipanga mbele yake. Miaka kumi na tisa nazalisha mimi! Yule mama wa mapacha, ambaye nimemzalisha kwa mikono hii mara mbili, alinipita bila hata kunisalimu. Nilirudi ndani nikapanga glavu ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Jumatano, 5 Juni

Nimemsimulia Daktari habari ya foleni. Kacheka. Ndiye mpasuaji pekee hospitali hii, mikono myepesi ajabu, miaka mitatu hajapoteza mama hata mmoja thieta. Anasema hata mama mkwe wake akipewa dawa naye, humwuliza kwanza: umemwuliza mzungu yeyote? Alicheka sana. Halafu ghafla akaniomba faili.

Saa sita kaja mdogo wangu. Mimba ya miezi minane. Ya nne hiyo, na nyumbani hana hata mtoto mmoja. Tatu ziliharibika, zote nimezizika mimi rohoni pamoja naye. Nimempima presha: 152/100. Nikampima tena. Ileile. Mkojo una protini. Pete ya ndoa imegoma kutoka kidoleni.

Nikamwambia leo hurudi nyumbani, nakulaza. Akanuna. Eti mimi kila mtu namtisha, tangu utotoni ndiyo tabia yangu. Tukabishana mbele za watu. Nikaingia ndani kuchukua fomu — dakika tano tu! Kutoka, hayupo.

Kumbe alimkuta Gumba koridoni. Mfagizi ndiye kanipa habari. Mdogo wangu kamsogezea kadi, kajishika tumbo, kamtazama. Gumba katabasamu, kanyanyua kidole, kama anavyomnyanyulia mfagizi, dereva, hata paka wa jikoni. Basi! Mdogo wangu akafunga kanga yake akaenda zake. Nimempigia simu. Sauti ya furaha kabisa: mzungu kaniona, sina tatizo.

Nimekaa na simu mkononi. 

Alhamisi, 6 Juni

Nimepita kwake kabla ya zamu. Shemeji ni seremala, mtu mpole, hajawahi kunijibu vibaya. Kaniwekea kiti karibu na meza yake ya kazi. Nikamweleza bila kuficha: hiki ni kifafa cha mimba kinanyemelea. Anaweza kuanguka wakati wowote. Mtoto anaweza kufia tumboni, na mama akamfuata.

Akasikiliza, randa mkononi. Kisha: lakini shemeji, mzungu kamwona. Nikafoka — yule ni mwanafunzi! Akanijibu kwa upole wake ule unaoudhi: mwanafunzi wa kwao si sawa na mwanafunzi wa kwetu.

Mama naye yupo, kaja kumtazama mwanawe. Nilidhani nimepata mtetezi. Wapi! Akaanza habari za babu. Babu alikuwa dresa, msaidizi wa daktari, hospitali ya misheni. Miaka thelathini alishona watu, aliunga mifupa, alitoa risasi. Daktari mzungu akija jioni anatia sahihi tu. Siku tumbo lilipomkamata babu mwenyewe, madresa wenzake walitaka kumpasua. Akakataa katakata. Akasema atamsubiri Daktari arudi kutoka likizo. Daktari alirudi baada ya siku tisa.

Mama anaisimulia kwa fahari. Eti babu yenu alijua heshima. Nikamwuliza: na Daktari aliporudi, kaburi lilikuwa na siku ngapi? Mama kanigeukia kama nimemtukania mzazi wake. Labda nimemtukana kweli. Nimeondoka bila kuaga.

Jumamosi, 8 Juni

Nimekwenda kwake na kipimo changu. 158/106. Miguu imevimba, ukibonyeza kidole panabaki shimo. Vidonge vya presha nilivyompelekea, alivyoandika Daktari, anameza, hilo afadhali. Kulazwa hataki kusikia. Mpaka mzungu aseme.

Nikamwambia Matroni amwondoe Gumba pale mlangoni. Akanionyesha kitabu cha mahudhurio. Wiki hii wajawazito wameongezeka karibu mara mbili. Acha wamfuate yeye, anasema, mradi wakifika mnawapima nyinyi. Tumemweka kijana wa watu nje kama bango la soda! Na kibaya zaidi, hesabu ya Matroni ni ya kweli. Wamo wawili ambao wasingekuja kabisa.

Jumapili, 9 Juni

Daktari kaenda mwenyewe kwa mdogo wangu, siku yake ya mapumziko. Wamempa kiti kizuri. Wamempa soda baridi. Wamemsikiliza, wamemshukuru sana. Mdogo wangu hakutoka nyumbani.

Jumatatu, 10 Juni

Leo nimejishusha. Sijui nitajisamehe lini.

Nilimfuata Gumba chumba cha sare, nikafunga mlango. Nikamweleza kwa lugha yake, polepole, kidole chake kimefanya nini. Alikuwa hajui! Akawa mwekundu mpaka shingoni, akakaa kwenye ndoo. Nikamwambia: basi njoo umwambie alazwe. Neno moja tu kutoka kwako.

Akakataa. Anasema si daktari. Alisaini karatasi chuoni kwao kwamba hatampa mgonjwa ushauri. Na akisema kama daktari, atakuwa anamdanganya mdogo wangu. Kisha akaniambia: wewe ndiye unayejua, umezalisha maelfu, inafaa akusikilize wewe.

Mungu wangu! Ukweli mtupu, na haunisaidii chochote. Kijana wa miaka ishirini na mbili ananikabidhi heshima yangu mwenyewe, wakati mimi nataka kuitupa ili mdogo wangu aishi!

Nikapiga magoti. Ndiyo, mimi. Na sare yangu, kwenye sakafu ile ya dawa. Mfagizi kafungua mlango, kaona, kafunga. Gumba kaniinua. Kasema atafikiri.

Afikiri!

Jumanne, 11 Juni

Saa mbili asubuhi Mama kapiga simu. Mdogo wangu kichwa kinampasuka, anaona vimulimuli mbele ya macho. Nikakimbilia gari la wagonjwa. Gumba alikuwa kasimama pale tayari. Akapanda.

Njiani nikamfundisha maneno manne: Dada, panda gari twende. Alikuwa anayarudia, kafumba macho, kama mtoto wa chekechea. Nikamsahihisha. Tena. Tena. Dereva hakucheka.

Mdogo wangu tulimkuta kaketi ukingoni mwa kitanda, uso umejaa hadi macho yamekuwa madogo. Nikamshika mikono. Nikamwambia mdogo wangu, nakuomba, damu yangu wewe, twende. Akatikisa kichwa. Eti akilala kidogo kichwa kitapoa. Gumba alikuwa mlangoni. Akayasema maneno yake manne, vibaya, akijikwaa kila neno.

Mdogo wangu akasimama. Papo hapo! Akaanza kutafuta viatu.

Siku sita! Siku sita nasema maneno hayohayo, nayasema vizuri, kwa lugha aliyonyonya nayo. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, na hapohapo nilikuwa na chuki. Namchukia nani, sijajua.

Jumanne hiyohiyo, mchana, koridoni

Naandika nyuma ya kadi za kliniki. Nisipoandika nitapiga mayowe.

Kaanguka tulipofika getini. Mwili mzima unakakamaa, meno yanasagika. Nikamgeuza ubavu, tukamkimbiza ndani, sindano ya kifafa ikapita, dripu ikashika. Degedege limetulia, lakini hajitambui. Mapigo ya mtoto yanashuka. Daktari kasema apasuliwe sasa hivi, tusisubiri hata kidogo.

Mgonjwa hajitambui, basi asaini mume. Shemeji kaja na vumbi la mbao nyweleni. Kapewa fomu, kapewa kalamu. Kauliza: nani anapasua?

Daktari alikuwa ameshanawa. Amesimama pale, mikono juu, maji yanamchuruzika viwikoni. Shemeji kamtazama. Kisha kamtazama Gumba. Akasema taratibu, bila ubaya wowote: mzungu apasue, nitasaini.

Mama naye: ndiyo, apasue yeye.

Gumba akawa anatikisa kichwa, hapana, hapana.  Namjua Daktari miaka minane, sijawahi kuuona uso wake ule. Na ndani mapigo ya mtoto yanashuka! Dakika zinakwenda! Nikafungua mdomo wangu mimi, mkunga mkuu wa wodi hii.

Nikasema: ndiye. Yeye ndiye anayepasua. Daktari wetu atamshikia vifaa tu. Saini, shemeji.

Akasaini. Herufi nzuri, bila haraka.

Daktari alisikia kila neno. Hakunitazama. Alimwambia Gumba kwa lugha yake: vaa gauni, ingia, simama ukutani, mikono nyuma, usiguse kitu. Wakaingia. Mimi nimezuiwa, Matroni anasema ndugu haingii. Kasema kweli.

Sasa tuko watatu kwenye benchi. Mama anasali. Anamwombea mzungu mikono yake isichoke. Shemeji anaitikia amina. Mdogo wangu akipona, kaponywa na aliyesimama ukutani. Akifa, watakuja kusema Daktari alimharibia mwenzake kazi, na mimi ndiye niliyewapa uongo huo kwa mdomo wangu. Nikiufuta sasa hivi watavunja mlango. Nisipoufuta, kesho watakuja watu wengine na fomu zao, watauliza hivyohivyo.

Dakika arobaini. Sijasikia mtoto kulia. Milango ile ni minene, labda ndiyo sababu.

Kuna nyayo.

Mlango umefunguka. Gumba katoka kwanza, barakoa shingoni, kaloa jasho. Daktari yuko nyuma yake, gauni lina damu, anafungua mdomo aseme. Mama na shemeji hawakumngoja, wamemshika Gumba mikono yote miwili. Na mimi — miaka kumi na tisa! — nimejikuta namtazama Gumba usoni, nijue kama mdogo wangu yu hai.